Tai Nyekundu na Mashine ya Kuzungusha Bomba

Sikutaka kuisimulia habari hii, maana aibu yake bado inanifuata mpaka sokoni Kamembe, lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia vibaya (wengine wanadai nilifungwa kwa minyororo, uongo mtupu), afadhali muisikie kwangu mwenyewe, kwa mpangilio.

Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Bukavu miaka michache tu, vita vya ng'ambo vimetulia kidogo, nami nimefungua karakana ya kuchomelea. Ushirika wa wafugaji ukatafuta fundi wa kuunganisha mabomba ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, ya kupitishia maziwa, na bomba la maziwa halitaki kovu ndani, kwani maziwa hujificha humo yakaoza. Lazima uchomelee kwa gesi ya argoni, mduara mzima, bila kusimama na bila mkono kutikisika. Mkono wangu una miaka arobaini na minane. Hutikisika. Kazi hiyo niliihitaji kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, kwa hiyo nikaunda mashine: mota ya kupangusia kioo niliyoitoa kwenye jipu lililokufa vitani, betri ya gari, minyororo na gia za baiskeli za kupunguza mwendo, na sahani ya chuma yenye boliti tatu za kushika bomba. Mkono unatulia, bomba ndilo linalozunguka, mara moja kwa dakika. Nilipima kwa saa. Swichi niliiweka nyuma kabisa, nisije nikaigusa kwa bahati mbaya (ikumbukeni swichi hiyo).

Jirani yangu Papa Dedé, fundi wa milango, alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili.

"Papa Aline, hii njo mashine ya kuchoma mbuzi? Sasa mbuzi iko wapi?"

Nikaendelea kukaza boliti. ("Njo" kwetu Bukavu ni "ndiyo".)

Siku ya majaribio akaja Mama Stefania, mwenyekiti wa ushirika, na wanachama wanne. Sisi tuliokulia Bukavu hatupokei wageni wa maana tukiwa na ovaroli, basi nilivaa shati jeupe na tai nyekundu, na aproni ya ngozi juu yake. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa lenyewe ni kwamba kwetu kazi haianzi bila maombi, na Mama Stefania alikuwa ameshakunja mikono, nami nikamwambia:

"Maman, tutaomba mwisho. Gesi nimeshafungua, inaisha."

(Chupa ile ilitoka Kigali, ikapita msitu wa Nyungwe imelala kati ya magunia ya viazi, niliitumia kama dawa ya matone.) Akaikunjua mikono polepole. Kukunjua kule hakukunipendeza.

Nikashusha maski, nikawasha. Nilipanga mizunguko miwili, wa kwanza wa kuunganisha, wa pili wa kulainisha. Wa kwanza ulikwenda kama maji. Mwanzoni mwa wa pili nikahisi kitu kinanivuta shingo kwa upole: ncha ya tai ilikuwa imechomoka pembeni mwa aproni ikanaswa na boliti. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikawaza, nikisimama hapa kovu litabaki, na dakika moja ni nini? Nikaendelea kuchomelea huku nikiinama.

"Muangalie," nikamsikia Mama Stefania. "Ametubu. Anaomba."

"Na anajishusha kweli!" mwanachama mmoja akadakia.

Wote wakafumba macho. "Baba," akaanza, "uko unaona namna mutumishi wako anajinyenyekeza..." Mduara ukafungika, nikauzima moto, nikaishika tai niifungue, lakini fundo lilikuwa limekaza kama jiwe na swichi iko nyuma kule. Nikaguna. Wakajibu, "Amina!" Nikaguna tena, kwa bidii zaidi. Maombi nayo yakapata moto.

Aliyeniokoa ni Mama Aline, mke wangu, ambaye hajawahi kusali kwa macho mawili (moja hubaki kwenye sufuria). Aliruka akang'oa waya wa betri. Ila gia za mota ile hazirudi kwa mkono, kwa hiyo shavu langu likiwa karibu na bomba la moto ilinibidi nimwelekeze, kwa sauti ya bata, abadilishe nyaya: nyekundu penye nyeusi, nyeusi penye nyekundu. Mashine ikarudi nyuma. Kwa mwendo uleule niliousanifu. Wageni wakafumbua macho, wakasimama kunitazama ninavyoinuka polepole kama jua juu ya kilima cha Mibirizi, na mlangoni Papa Dedé akasema:

"Kumbe mbuzi njo huyu!"

Mama Stefania hakucheka. Alingoja bomba lipoe, akapitisha kidole ndani, akapitisha tena.

"Kazi ni yako," akasema. "Lakini siku ya kuanza tutaomba kwanza. Na wewe utaomba umesimama wima."

Swichi sasa iko chini ya mguu wangu, tai haiingii tena karakanani, na chupa ya gesi haifunguliwi kabla ya Amina. Kazi niliimaliza. Hata hivyo, kila nikipita kwa Papa Dedé, huniuliza kama nimeshaiva pande zote.