Baada ya Gwaride

LaVonne Skogmo alilifunika bakuli lake la oveni kwa foili, akahakikisha tepu yenye jina lake imeshika vizuri chini, kama wanawake wa mji mdogo wa Nordhaug wafanyavyo ili vyombo visipotee msibani, akalibeba hadi ukumbi wa chini ya kanisa. Ndani mlikuwa na nyama ya kusaga, supu ya uyoga na viazi vilivyookwa juu mpaka vikawa rangi ya kahawia. Alikwisha kupika chakula hicho kwa mazishi mengi ya mji ule. Leo, kwa mazishi ya Seneta Gordon Rasmusson, alikipika huku roho ikimsuta.

Alikuwa karani wa seneta tangu wanawe wakiwa chekechea. Alimpokelea simu, alimkumbusha siku ya kuzaliwa ya mkewe, na tai zake za akiba zilikaa kwenye droo ya LaVonne. Ndiye aliyemuunganishia simu moja na mkaguzi wa serikali wa nyumba za kutunzia wazee. Akachelewa kukata upande wake, akasikia bosi wake akisema, "Ile nyumba ya Birchwood iacheni. Wenyewe ni watu wangu, wananichangia kampeni." Mkaguzi hakwenda. Majira yale ya baridi wazee kadhaa walifariki Birchwood kwa kutotazamwa, na mmoja wao alikuwa Ardis Tveit, mke wa Arvid, jirani wa LaVonne. Alikufa kwa vidonda vya kitandani ambavyo hakuna aliyejali kuviosha.

Na LaVonne alifanya nini? Alipika. Alimpelekea Arvid bakuli hilihili siku ya mazishi ya Ardis, na wiki iliyofuata Arvid akalirudisha limeoshwa hadi linang'aa, akasema asante kwa upole.

Jambo hilo alikaa nalo kifuani kwa miaka, hata mwaka huu theluji ilipoyeyuka, akaja Bi Keller, mpelelezi wa mwendesha mashtaka wa jimbo. LaVonne alimweleza yote kwenye meza ya jikoni, analia na kujifuta kwa taulo la vyombo. Kilichobaki ni kwenda kuapa mbele ya jopo la raia wanaoamua kama mtu ashitakiwe.

"Bila kiapo chako hatuna kesi," Bi Keller alimwambia. "Uje mwezi wa sita."

"Nitakuja, mama. Ila ningeomba tungoje kidogo. Mwezi wa saba mji wetu unatimiza miaka mia na hamsini, na seneta ndiye wa mbele kwenye gwaride. Ameshanunua na peremende za watoto."

"Peremende," alisema Bi Keller.

"Si vizuri kumwaibisha mtu mbele ya wageni. Gwaride likiisha tu, nitakuja mwenyewe."

Mtu wa kwingine angecheka. Lakini Nordhaug ni mahali ambapo ukikanyagwa mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Tumelelewa hivyo na tunajisifia hivyo, na hatujiulizi ni nani anayelipia adabu yetu. Bi Keller alikuwa na majalada mengine tele mezani pake. Akakubali kungoja.

Siku ya gwaride seneta alisimama kwenye gari la wazi, anacheka, anarusha peremende huku na huku. Walipofika mbele ya duka la dawa alishika kifua, akaketi taratibu kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Watoto waliendelea kuokota peremende barabarani mpaka mama zao walipowavuta.

Bi Keller alipiga simu mara moja tu. "Sheria haimshitaki maiti, Bi LaVonne. Wenye Birchwood walishauza wakahama, na bila yeye hatuna pa kuwashikia. Jalada tumelifunga." Hakumlaumu hata kidogo. LaVonne aliona afadhali angemtukana.

Sasa ukumbini kipaza sauti kilikuwa kikipita mkono kwa mkono, na kila aliyekishika alimsifu marehemu. Marlys, shoga yake LaVonne, alikuwa akimimina kahawa pembeni yake.

"Mbona wewe huendi kusema neno, bibi we? Au ulikuwa unampenda kimyakimya?"

"Acha utani, Marlys."

Ndipo Arvid akafika kwenye foleni ya chakula, amevaa suti aliyomzikia mkewe. "Kidogo tu," akasema, na LaVonne akamjazia sahani, kwa sababu huku ndivyo kidogo kinavyopakuliwa.

"Nataka nikaseme neno pale mbele," Arvid alimwambia. "Unakumbuka nilivyokuja ofisini kulalamika habari za Birchwood? Seneta alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia, nenda nyumbani Arvid, hili nitalifuatilia mwenyewe. Ardis alipokufa nilichanganyikiwa, sikurudi hata kumwambia asante."

Akageuka, sahani mkononi, akaelekea kwenye kipaza sauti. LaVonne alimwona akikohoa kusafisha koo. Aliona kwamba akikaa kimya sasa, mzee huyu atamshukuru hadharani mtu aliyemuua mkewe, na yeye atapiga makofi pamoja na wengine. Akauacha mwiko, akazunguka meza, akamshika mkono wa koti mbele ya watu wote.

"Usimshukuru, Arvid."

"Nisimshukuru kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, maneno ya ile simu yote, na kiapo alichokiahirisha kwa ajili ya gwaride. Waliokaa meza za karibu wakaweka uma chini. Arvid alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyokuja. Alipiga simu ulipotoka tu. Kikombe chako cha kahawa kilikuwa bado na joto."

Arvid aliitazama sahani yake. "Kwa hiyo uliponiletea chakula, siku tuliyomzika Ardis, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaiweka sahani mezani, imejaa vilevile. "Asante kwa chakula, LaVonne," akasema, kwa sauti ileile ya siku alipolirudisha bakuli, akaenda kuchukua kofia yake.