Wimbo wa Nyavu, Wimbo wa Ng'ombe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsahihisha mtu aliyejua.

Nilijifunza peke yangu kupiga ndingidi, zeze letu la uzi mmoja, kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye telefone. Nilirudia kipande kimoja mpaka mama yangu akafunga mlango. Nakiri: niliogopa kukosea kuliko nilivyopenda muziki. Wimbo nilioujua vizuri zaidi ulitoka kwa mfugaji mmoja wa vilima vya Masisi. Aliupiga ng'ombe wakirudi kukamuliwa, mfululizo, bila kupumua. Niliunakili kwenye daftari, sauti kwa sauti, na juu yake nikaandika: Wimbo wa kweli.

Halafu nikafika Kashuga, huko huko Masisi. Katika kambi ya waliokimbia vita kulikuwa na Papa mmoja, mzee aliyetoka Walikale na ndingidi mgongoni, na karibu hakuna kingine. Aliupiga wimbo ule ule, lakini polepole, na katikati akaacha kabisa, upinde ukabaki hewani. Kisha akaendelea.

"Papa," nikamwambia, "pale umesahau kipande."

"Nimesahau? Miye?"

"Ndiyo. Kuna sauti nne pale. Ninazo kwenye daftari, nilizitoa kwenye telefone."

"Sasa hiyo daftari iko na masikio?"

Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huu njo wimbo ya nyavu ya kuwinda, mutoto," Papa akasema. "Mu pori, ukiisha kufukuza nyama, unanyamaza, usikie kama mwenye kushika nyavu anajibu. Ukipiga kelele tu, utasikia nini?"

Niliitikia kwa adabu, lakini sikumwamini. Nilidhani anafunika kosa lake, kama ninavyofunika yangu.

Siku chache baadaye, kamati ya sikukuu ya mavuno kanisani, nilikokuwa nimeanza kupiga, ikaniomba orodha ya nyimbo za zamani na asili zake. Nilifurahi mno kuulizwa. Nikaandika kwamba wimbo ule ni wa wafugaji wa Masisi, hupigwa mfululizo, na kwamba namna ya Walikale "imeharibika". Neno hilo ni langu, hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya sikukuu Papa alikuja amevaa koti la kuazima. Alikuwa amewaambia majirani wote kambini kwamba leo atapiga wimbo wa kwao mbele ya watu. Mkubwa wa kamati akamsimamisha mlangoni, karatasi yangu mkononi.

"Papa, huu wimbo iko ya huku. Upige namna imeandikwa, ao uache."

"Nani aliandika?"

Mkubwa akanionyesha kwa kidole.

"Ah, fundi ya telefone!" Papa akasema. "Shamba walichukua. Mbuzi walichukua. Weye ulikuwa unangojea hii wimbo?"

Akageuka, akaenda zake. Mimi, mwoga, sikumfuata. Ndani, kamati ikaanza kuimba kuhusu upendo kati ya majirani.

Mpaka leo hasira inanichemka. Huku kwetu, kuuliza wimbo umetoka wapi si swali la bure. Unaulizwa kama mtu anavyoulizwa babu yake alitoka wapi, ili wajue kama wampe kiti ao wamfukuze. Watu wa kamati walijua hivyo. Mimi nilijua hivyo pia, lakini nilitaka kuonekana nimejua mengi.

Nilipanda vilimani kwa yule mfugaji, nikitumaini atasema nilikuwa sahihi. Akanijibu huku akifunga ndama:

"Baba yangu alikuwa anaacha pale katikati, ndiyo. Miye njo niliondoa. Ng'ombe haingojake."

"Na baba aliupata wapi?"

"Alisema kwa watu ya pori, walikuwa wanaleta nyama, tunawapatia maziwa. Lakini ukiwauliza wale, pengine watasema waliipata kwetu. Sasa iko na shida gani?"

Kwake hakukuwa na shida. Nilirudi kwa kamati kuomba karatasi yangu. Wakasema imekwisha kusomwa, haifai kuchafua mambo. Nilikwenda kambini, nikamweleza Papa yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, lakini hakusema amenisamehe.

Sasa siandiki tena kwamba wimbo fulani ni wa kweli na mwingine umeharibika. Naandika aliyenipigia anatoka wapi, na yeye aliusikia kwa nani. Kamati haipati tena karatasi kutoka kwangu. Papa hapigi kanisani, na mimi pia nimeacha kupiga pale.