Seti Moja ya Bartolomayo

Bartolomayo Ndahani alikuwa karani wa masijala, na katika ofisi nzima hakuna aliyejua kukaa kama yeye. Wenzake walikaa wakahangaika, mara wananyoosha mgongo, mara wanakwenda kuchungulia dirishani. Bartolomayo akishaketi asubuhi, mafaili ndiyo yaliyomfuata. Nyumbani kwake Ipagala mambo yalikuwa yale yale. Rimoti ikimdondoka, aliangalia chochote kilichokuwa kwenye runinga mpaka apite mtu wa kumwokotea.

Alipofikisha miaka arobaini na saba, daktari wa zahanati alimpima, akamwambia sukari inapanda na tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Aanze mazoezi. Mkewe Antonia alikuwa ameketi pembeni yake, kwa hiyo hata njia ya kujisahaulisha haikuwepo.

Mtaa wa pili palikuwa na jimu ya Kristofa, banda la mabati lenye mabenchi yaliyochomelewa na vyuma ambavyo nusu yake ilikuwa saruji iliyogandishwa kwenye makopo ya rangi. Kristofa alikuwa mtu wa shingo nene na maneno machache. Alimwandikia ratiba: siku sita kwa wiki, seti ishirini za kunyanyua mfululizo kila siku, na Jumamosi kukimbia mpaka Nzuguni na kurudi. Bartolomayo aliisoma mara mbili, akaikunja kwa adabu kama hati ya kiwanja, akaenda kulala.

Binti yake Witness, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, ndiye aliyemkuta.

"Shikamoo baba. Mbona umelala na viatu?"

"Marahaba. Nimetoka kuonyeshwa kifo changu."

Witness aliisoma ile ratiba, akacheka, akazama kwenye simu. Baada ya muda akamwambia kwamba kumbe ugomvi huu ni wa zamani. Miaka ya sabini huko Marekani, wakati watunisha misuli wakishinda jimu kama vile wamepanga humo, alijitokeza mtengeneza mashine mmoja akawaambia wanapoteza muda wao. Seti moja ya nguvu zote inatosha, alisema, halafu mtu akapumzike siku kadhaa, maana msuli haukui ukiwa kazini, unakua ukiwa umelala. Wengi walimpinga. Miaka mingi baadaye Mwingereza mmoja akaja na mazoezi ya namna hiyo, machache na makali, akachukua taji kubwa kuliko yote mara sita mfululizo.

"Rudia hapo pa kulala," alisema Bartolomayo, akiinuka mwenyewe bila kusaidiwa.

"Msuli unakua ukiwa umelala, baba."

"Na seti ni moja?"

"Moja."

"Huyo Mmarekani alitumwa na Mungu."

Ilikuwepo sentensi moja ambayo Witness hakuisoma kwa sauti. Aliihifadhi mpaka Jumamosi, baba yake alipokuwa amelala chali kwenye benchi la Kristofa, ameshika chuma, na vijana wa jimu wamesimama kando wakimtazama yule mzee aliyekuja na suruali ya kazini.

Alinyanyua mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Akavuta pumzi.

"Tayari. Nirudishie chuma mahali pake."

"Bado, baba. Imeandikwa mpaka msuli ukatae kabisa."

"Umekataa!"

"Uliokataa ni mdomo. Msuli bado. Shusha polepole, nahesabu sekunde. Moja... mbili..."

Witness alihesabu kama mtu anayekumbuka majina ya ukoo mzima. Mara ya kumi Bartolomayo alimwita Mulungu. Ya kumi na moja akawaita marehemu bibi zake wa Mvumi, mmoja mmoja. Ya kumi na mbili haikupanda. Chuma kilitetemeka hewani, yeye akitetemeka chini yake, na Witness akakidaka. Mguu na mgongo navyo vilipata seti yake moja moja, na kazi yote ikaisha kabla robo saa haijatimia. Mchana ule tonge la ugali lilikataa kufika kinywani, ikabidi kinywa kilifuate sahanini.

Wote walidhani hatarudi. Lakini Bartolomayo alipiga hesabu ya kivivu, akaona robo saa ya mateso inamletea siku sita za mapumziko halali. Antonia akimwambia ainuke akachote maji, alijibu kwa sauti ya kitaalamu: "Nakua, mama Witness. Usinikatize."

Cha ajabu ni kwamba alikua kweli. Miezi minane baadaye tumbo lilikuwa limerudi nyumbani kwao, na mashati ya ofisini yalianza kulia mabegani. Pale jimu hawakulala. Jordan, fundi wa vigae aliyepiga vyuma kila siku ya Mungu na mikono yake ikabaki kama fimbo za kuchungia, alisema mzee anachoma sindano za kukuza misuli. Rafiki yake Abuu alisema hapana, ni mizizi ya porini. Mwisho wakaenda kumwuliza.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kama wanao," alianza Jordan. "Tuambie unatumia nini."

Bartolomayo aliwatazama. Angeweza kuwaambia ukweli, ila aliwajua: neno pumziko lingeingia sikio hili na kutokea lile. Akashusha sauti.

"Mlenda."

"Mlenda huu huu?"

"Wa Mvumi, uliokaushwa kivulini. Lakini una masharti. Mlenda na chuma haviivani. Ukishaula, usiguse chuma siku sita. Ya saba nenda, fanya seti moja mpaka mwili ukatae. Ukizidisha, unaharibika tumboni."

Antonia, aliyekuwa nyuma ya pazia, alijiziba mdomo kwa kanga.

Wiki ile jimu ilikuwa kimya mpaka panya wakapata nafasi ya kufanya mazoezi. Kristofa alikuja mbio.

"Bwana Ndahani, umewapa nini vijana wangu? Jordan nimemkuta amelala barazani, ananiambia anaiva!"

"Subiri Jumamosi," alijibu Bartolomayo.

Kristofa hakuwa mtu wa kusubiri, lakini alisubiri. Wiki ya kwanza Jordan alisema anajisikia mwepesi tu. Wiki ya nne alilala benchini, akakipandisha chuma kilichokuwa kikimshinda tangu mwaka uliopita, tena mara tatu. Banda zima lililipuka. Jioni hiyo hiyo watu wanane walisimama mlangoni kwa Antonia na mifuko mitupu, wakiulizia mlenda.

Hapo dhamiri ikamchoma Bartolomayo. Jumamosi iliyofuata alisimama katikati ya banda, akakohoa.

"Wanangu, niliwadanganya. Mlenda ni mboga. Mlichokuwa mnakosa ni kupumzika tu. Mlikuwa mnajichosha kila siku, mwili unakosa nafasi ya kujenga."

Abuu akamtazama Jordan, Jordan akatabasamu kwa huruma.

"Mzee ameona tunamkaribia," alisema, "sasa anataka kutuficha."

Wakacheka wote, wakamshukuru kwa mlenda. Alipojaribu kuapa, walimpigia makofi. Aliyemwamini ni mmoja tu, Kristofa, ambaye bega lake la kushoto lilikuwa likimuuma miaka mitatu na hajamwambia mtu. Alingoja wengine watoke, akafunga mlango, akalala benchini.

"Nionyeshe hiyo seti moja," alisema. "Ila usiwaambie."

Bartolomayo alivuta kiti, akaketi vizuri upande wa kichwa cha Kristofa, miguu ameinyoosha. Akagundua kwamba katika mazoezi yote ya dunia hii kuna kazi moja isiyotoa jasho hata tone.

"Shusha polepole," alisema kwa raha. "Moja..."

Akatazama dari kwanza; mbili haikuwa na haraka.