Darasa la Kiangazi, Upande wa Isinya

Waliita kiangazi. Julai ya Kitengela, baridi ya kukausha midomo, mama yangu amevaa sweta mbili na kitambaa kichwani, halafu wageni kumi na wanane wanashuka kwenye basi la kukodi na kukiita kile kitu kiangazi. Sikuwasahihisha. Nilikuwa mwaka wa nne wa usanifu majengo katika chuo kimoja Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kazi yangu kwa wiki sita ilikuwa ni kuwatafsiria. Walikuwa wametoka chuo chao ng'ambo kuja kujifunza jinsi Wamaasai wanavyojenga. Mimi ni Mluhya, mtoto wa nyumba za kupanga. Ujenzi wa Kimaasai nilikuwa nimeuona kwa mbali, nikipita.

Lakini nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Vyuo vyetu viwili vilikuwa vimekubaliana kwamba mwisho wa wiki sita profesa wao angechagua mtu mmoja wa hapa aende kwao mwaka unaofuata, tiketi na malazi juu yao. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Baba alikuwa ameshaitangaza kanisani. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimeniombea mara mbili, mara ya pili kwa kufunga, kwa hivyo kuikosa kungewaaibisha wote kwa pamoja.

Boma tulilopewa lilikuwa upande wa Isinya. Profesa, mtu mrefu mwenye adabu za kuchosha, alimshika mzee wa boma kwa mikono miwili, akaomba ruhusa ya kuisoma nyumba. Mzee akakubali, akakalia kigoda chake, na maswali yakaanza. Kwa nini mlango umepinda kama kona ya korido? Upepo, akasema mzee. Kesho yake mwanafunzi mwingine akauliza lile lile, akajibiwa ni simba. Wiki ya pili ikawa ni desturi ya babu. Mzee hakuwa mwongo. Alikuwa mwenyeji, na mtu aliyepanda ndege siku nzima kuja kukuuliza swali huwezi kumrudisha na neno sijui. Nao waliandika yote! Upepo, simba, babu. Mmoja alichora hata simba aliyeshindwa kukata kona. Nilitafsiri yote hayo huku nimeuma meno, maana profesa alikuwa akinitazama.

Muda huo wote mke wa mzee alikuwa akitupita na ndoo ya kinyesi cha ng'ombe, akiziba nyufa za paa. Wageni walimpiga picha. Profesa alisifu mikono yake. Hakuna aliyemuuliza neno, hata mimi.

Wiki ya tatu aliniita kando.

"Takwenya, Yeyo," nikamwamkia, yaani shikamoo, mama. Kimaa changu kiliishia hapo.

"Iko," akaitikia. "Wewe, hawa watu wanauliza mzee mambo ya nyumba kwa nini? Mzee hajawahi weka hata fito moja. Kwetu nyumba inajengwa na mwanamke. Hii nilijenga mimi, na mama yangu ndio alinifunza."

"Pole, Yeyo. Hatukujua."

"Hamkuuliza. Wewe umesomea nyumba miaka ngapi?"

"Minne."

"Na umejenga ngapi?"

"Hata moja."

"Basi kuja Jumamosi ushike udongo."

Nilienda. Alinionyesha jinsi ya kukunja fito za mti wa leleshwa zikiwa mbichi, jinsi ya kuchanganya kinyesi, udongo na majivu hadi mchanganyiko uache kushika vidole. Mlango umepinda kwa sababu nzi hufuata mwangaza, akasema, na nyumba yenye giza humlaza ndama na mtoto bila kusumbuliwa. Tundu la ukutani ni kubwa kama ngumi kwa sababu moshi hauhitaji zaidi ya hapo. Nilikosea akabomoa, nikakosea tena akabomoa. Nilirudi Jumamosi mbili zaidi. Kucha zangu zilinuka hadi mama akanikataza kugusa unga wa ugali.

Siku ya mwisho tulikusanyika bomani, kila mwanafunzi akaonyesha nyumba aliyobuni kwa ajili ya familia ile. Madirisha! Dirisha la kusini, dirisha la paa, ukuta mzima wa kioo kwenye nchi ya vumbi na nzi. Mmoja aliinua nyumba juu ya nguzo, sijui ng'ombe wapande ngazi. Zamu yangu ilipofika sikuwa na subira tena. Nikasema wiki sita tumekuwa tukimuuliza mtu asiyehusika, na mjenzi ni yule pale anayewamiminia chai. Kisha nikaeleza nzi, giza, tundu, majivu, kila nilichofunzwa.

Profesa alijishika kichwa. Machozi yalimlengalenga. Nikajua nimeshinda.

Akanipita. Alimwendea Yeyo, akaniita nitafsiri. "Mwambie nafasi ni yake," akasema. "Aje kwetu mwaka ujao, ajenge nyumba kama hii kwenye uwanja wa chuo, awafundishe wanafunzi wetu."

Hayo niliyatafsiri sawasawa, neno kwa neno.

Yeyo aliweka birika chini. "Mimi? Na ndege?" Alicheka hadi akajifunika mdomo. Halafu akauliza kama fundi: huko kuna ng'ombe? Fito za mti gani? Udongo uko aje? Profesa akajibu yote, nami nikatafsiri. Ndipo akanishika mkono, akashusha sauti.

"Mtoto wangu, hawa watu siwajui. Wewe ndio umesoma. Niambie ukweli kama mama yako. Niende?"

Profesa alikuwa akitutabasamia, haelewi kitu.

"Usiende, Yeyo," nikasema. "Huko ni barafu mwaka mzima. Watakuweka kwa uwanja watu wakuje kukuangalia kama mnyama wa mbuga. Na kurudi si rahisi."

Aliitikia kwa kichwa. Hakunitilia shaka hata chembe. "Asante, mtoto wangu. Ningejulia wapi? Mwambie asante, siendi."

Nilimwambia profesa kwamba mama hawezi kuiacha nyumba yake. Akasema anaelewa, kwamba ni lazima tuheshimu utamaduni. Kisha akanigeukia mimi. Jumapili iliyofuata kanisani walipiga vigelegele.

Miaka yote hii nimewacheka wale wageni, kwamba walikaa wiki sita ndani ya nyumba ya mtu bila kumuuliza kitu. Hilo ni kosa la mtu asiyejua. Mimi Yeyo aliniuliza mwenyewe, mkono wangu mkononi mwake.

Mwaka uliofuata nilijenga nyumba ile kwenye uwanja wao wa nyasi, kwa mikono yangu, na haikuvuja hata mara moja. Mbele yake waliweka kibao chenye jina langu. Nilipiga picha nikiwa nimesimama kando yake, nikamtumia baba.