Madoa Mawili ya Jua

Ilikuwa saa nne tu asubuhi na Chibalonza alikuwa ameshachoka. Miaka sita ya kuwanyanyua wazee vitandani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee mtaa wa St Marys, huku ughaibuni, ilikuwa imemwachia kiuno kibovu. Kazi hii mpya, katika ghala la nyaraka karibu na Parramatta, ilikuwa ya kukaa. Ndiyo maana aliing'ang'ania. Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa, na hakuna aliyemwambia lolote.

Alipewa vioo. Kila kimoja kilibeba picha ya jua iliyopigwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, jua zima, duara la ukubwa wa kisahani. Watu wa enzi hizo walilipiga picha kila siku mbingu ilipokuwa wazi, wapate kuhesabu madoa yake. Zilikuwa negativu, picha zinazogeuza mwanga kuwa giza, kwa hiyo jua lilikuwa jeusi na madoa yalikuwa vitundu vyeupe. Alikipumulia kioo: upande mtupu ulishika ukungu, akaufuta kwa pamba. Upande wa picha hakuruhusiwa kuugusa. Kisha aliandika namba kwenye bahasha kwa penseli, maana wino ulikatazwa, akampelekea Gitau, msimamizi wake Mkenya, ili akiskani kwenye kompyuta.

Jumatano hiyo, kwenye kioo cha arobaini, mkono ulijifanyia wenyewe. Katika studio ya baba yake, Bukavu, tangu akiwa na miaka kumi na minne, alikaa dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano akiziba vitundu vyeupe kwenye negativu za maharusi, ili picha itoke bila chunusi wala kovu la ndui.

Alipozinduka, vitundu viwili pembeni mwa jua vilikuwa vimezibwa kwa penseli.

Labda ni vumbi, alijiambia. Akatoa kioo cha siku iliyofuata. Vyote viwili vilikuwepo, vimesogea kidogo kuelekea katikati. Vumbi halitembei.

Angeweza kufuta kwa pamba na spiriti, kama alivyozoea studioni. Lakini utando wa picha kwenye kioo hicho ulikuwa mkongwe kuliko babu yake. Ungeweza kubanduka pamoja na jua lenyewe. Au angenyamaza tu hadi Ijumaa ipite.

Aliinuka, mkono kiunoni.

"Gitau. Niliharibu."

"Umevunja, Mama Bénie?" Alimwita kwa jina la mwanawe.

"Bora ningevunja. Nilifunika madoa ya jua na hii kreyo, kama chunusi za bibi harusi." Akamwonyesha penseli.

Gitau alikiinamisha kioo kwenye mwanga, akatafuta sana, kisha kicheko kikamponyoka. "Kwani jua linaolewa Jumamosi?"

"Usinichekeshe, mwanangu. Nimechoka."

"Lakini hii kazi ni safi, mathe. Mimi ningeskani tu, nisijue."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Akaacha kucheka. "Itabidi iandikwe. Na wakubwa wa mjini wataisoma kabla ya kuamua mambo ya mkataba."

"Andika."

"Andika wewe. Wewe ndiye unajua ulichofanya."

Alirudi kwenye meza yake. Penseli ilikuwa ileile. Aliichonga kwanza, kwa mazoea. Kwenye bahasha, kwa Kiingereza chake cha polepole, aliandika kwamba madoa mawili ya pembeni yamezibwa na yeye, Chibalonza, siku hiyo. Kwamba yapo chini ya risasi ya penseli. Kwamba asiyejua kazi hiyo asijaribu kuyafuta. Akatia tarehe.

Halafu akavuta kioo cha arobaini na moja, akakipumulia.