Trei Mbili za Mayai na Kiti cha Tume

Ule mwaka mayai yalipoadimika Sydney, sisi wa Rooty Hill tulifungua siku kwa mihogo ya barafu kutoka duka la Mkongo, na maandazi yasiyoonja yai. Ndio mwaka ninaoukumbuka, mwanangu, maana ndio wakili alipokuja mlangoni kwangu na trei mbili za mayai, nami nikazirudisha. Wajukuu wangu mpaka leo hawajanisamehe.

Lakini nikuanzie mbali.

Nilipokuwa binti kule Muheza niliachika, na mtoto wa kike mgongoni. Upande wa mume wakamtaka mtoto. Kwetu ugomvi wa namna hiyo uliamuliwa na watu watatu: mmoja wa mume, mmoja wa mke, na wa tatu asiye wa yeyote. Huyo wa tatu hachaguliwi na upande mmoja. Huku wanataja majina na kule wanataja, mpaka majina yakutane. Na ana mwiko wake: hali chakula cha mume wala cha mke, mpaka neno liishe. Anakuja na chakula chake.

Wa tatu wetu alikuwa Bi Mwanaisha, mjane mkali kama pilipili kichaa. Mimi na ujana wangu nikachinja jogoo, nikampika kwa nazi, nikamwekea mbele. Bi Mwanaisha hakuligusa sinia. Alifungua pindo la kanga, akatoa muhogo wa kuchoma, akasema: "Kwa mtu nitakayemwamulia, sili." Kisha akanigeukia. "Wee binti, ukinishibisha leo, kesho watasema mtoto kanunuliwa kwa paja la kuku. Unataka mtoto, au unataka maneno?"

Nikaondoa sinia langu. Mtoto akabaki kwangu, na mama mkwe, ambaye hata kivuli changu alikichukia, alichosema ni kimoja tu: "Yule hakula kwao." Akajitanda, akaenda zake. Mtoto huyo ndiye aliyenileta Australia, muuguzi mzima, na usimwone hivi, mimi ndiye niliyemlea.

Sasa njoo huku. Serikali ya jimbo ilitangaza kuunda tume ya umma ya kusimamia mawakili wanaowatetea watu kwenye kesi za familia: ndoa zinazovunjika, watoto wanaogombewa. Mimi darasa nililiacha la nne, lakini vyaelea vimeundwa, na napenda kumjua fundi. Nikamwuliza binti yangu, hii tume inaundwaje? Akanieleza. Viti vingi ni vya mawakili wenyewe. Kimoja ni cha hakimu mstaafu. Kimoja ni cha mwananchi asiye wakili. Jumuiya zinapeleka majina, jopo linachuja, waziri anateua. Nikamwambia, basi hicho cha mwananchi ndicho kiti cha Bi Mwanaisha. Wakikiharibu hicho, ni kesi ya nyani kapelekewa ngedere.

Na haikuwa hadithi ya watu wa mbali. Jirani yangu Neema, anayeosha wazee kwenye nyumba ya wazee, alinyang'anywa wanawe wawili wakapewa baba yao. Wakili wake alionana naye mara ya kwanza mlangoni pa mahakama, na hata majina ya watoto aliyachanganya. Neema alikuwa na malalamiko yanayoingoja tume hiyo. Wakili mwenyewe ni Gidion, kijana wetu, Mtanzania mwenzetu. Na Gidion ndiye aliyetupikishia pilau ukumbini St Marys, siku Waswahili tulipokutana kutoa jina letu.

"Shikamoo Bibi," akaniamkia.

"Marahaba."

"Tumeona uende wewe. Watu wanakuheshimu. Kazi yenyewe ni kukaa tu, maneno nitakuandikia."

"Mmeona nyie na nani?"

"Sisi viongozi, Bibi. Kula basi, pilau linapoa."

Nesi mmoja wa Kenya nyuma yangu akacheka. "Wakili, huyu mama akiuliza hivyo, jichunge."

Nikasukuma sahani. Nikasimama, nikasema jina litolewe na waliopita mahakamani, si na viongozi. Tukutane Jumamosi nyingine, na kila mtu aje na chakula chake. Wakanung'unika, wakaja. Wakongo na pondu yao, kisamvu cha kwao, Wakenya na ugali, mimi na muhogo wangu. Wakataja, wakabishana, majina yakakutana kwangu. Safari hiyo nilikubali, maana hakuna aliyeniandikia neno.

Siku ya pili yake ndipo Gidion akaja na mayai. "Bibi, mkono mtupu haulambwi."

"Nani kakwambia mimi nalamba mikono?"

"Zawadi tu, Bibi. Madukani hayapo."

"Najua hayapo. Ndiyo maana umeyaleta." Nikamwambia maneno ya Bi Mwanaisha, nikafunga mlango. Mjukuu wangu akanung'unika kwa Kiingereza chake kwamba ni mayai tu. Nikamwambia hata jogoo wangu alikuwa kuku tu.

Mpaka leo jopo bado linachuja. Neema anawapigia wanawe simu kila jioni, anangoja. Waziri akinipita, na apite. Malalamiko ya Neema hayatakuwa yamefia kwenye sahani yangu.

Basi mwanangu, usia wangu huu hapa. Ukisikia tume inaundwa, usiulize kwanza itafanya nini. Uliza nani katoa majina, na nani kapika. Ukiitwa uwe wa tatu, jua mtoto wa mtu yuko nyuma ya mlango, na beba muhogo wako. Mungu akupe tumbo la subira na ulimi usiokodishwa. Watoto wako walale chini ya dari yako, na asiwepo wa kuwagombea.

Na Gidion akirudi mimi nikiwa sipo, hata akija na mayai ya bata, mpokee kwa adabu, mwitikie salamu, halafu umwambie bibi amesema: "Kwa mtu nitakayemwamulia, sili."