Mtoto wa Msumari wa Kwanza

"Arobaini na nne ulisema wewe mwenyewe, mama. Hakuna mwingine aliyesema."

"Mimi nimesema nini? Misumari ndiyo iliyosema."

"Misumari haina mdomo. Mdomo unao wewe."

Huyo ni Helvia, mke wa mwanangu, kasimama katikati ya nyumba na mwiko wa uji mkononi, ananinyooshea kama mkuki. Mimi nimekaa penye moto nasokota sufu, najitia hamnazo. Asubuhi ile baragumu lilikuwa limelia juu ya ngome: vita na Wavolski tena. Kila mwanamume ambaye hajatimiza miaka arobaini na sita atoke na ngao yake. Aliyetimiza huhesabiwa mzee, hubaki kulinda kuta za Roma na kulala kwake. Manio, msimamizi wa mtaa wetu, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na ubao wake, na kabla ya jua kuzama angemwandika mwanangu Vopisko upande mmoja au mwingine.

"Goti lake limevimba kama kabichi," Helvia akasema. "Jana alishuka mlima kinyumenyume, akidhani simwoni. Mtu huyu akitembea siku tatu na ngao mgongoni hatarudi. Wewe unajua umri wake halisi. Ulimzaa wewe, hukumwokota mtoni."

"Kuna watu wakubwa sana waliookotwa mtoni katika mji huu."

"Usinianzishie habari za mbwa mwitu leo."

Kweli nilikuwa karibu kuanza. Bibi yangu alimjua kitukuu wa yule mbwa mwitu aliyewanyonyesha wale mapacha, Romulo na Remo. Alikuwa anakuja mlangoni kwetu kuomba mifupa, mpole, ila ukimwita mbwa alinuna. Na wale tai walioonekana siku ya kuchagua mahali pa kujenga mji, sita kwa ndugu mmoja na kumi na wawili kwa mwenzake, nitakwambia ukweli: tai walikuwa sita tu. Walizunguka mlima wakapita tena. Ndugu akamuua ndugu kwa hesabu mbovu, na tangu hapo Roma haijawahi kuhesabu kitu sawasawa.

Hesabu ya umri wa mwanangu ndiyo hii. Kila Septemba mkubwa wa mji hupanda kwenye hekalu la Jupita na kupiga msumari mmoja ukutani, ili hata sisi tusiojua herufi tujue miaka mingapi imepita tangu wafalme wafukuzwe. Msumari wa kwanza ulipopigwa, umati ulijaa hadi kwenye soko la ng'ombe. Na mimi, kwa mujibu wa maneno yangu mwenyewe, nilikuwa chini ya ngazi za hekalu na tumbo hili hapa. Nyundo ikalia mara moja, uchungu ukanishika. Ikalia mara ya pili, kichwa kikatoka. Mara ya tatu mtoto akalia kwa sauti iliyomfanya mpiga nyundo ageuke. Niliisimulia kisimani, sokoni, kwenye harusi na matangani. Nilipozeeka ikawa inasimuliwa mbele yangu na watu wanaoapa kwamba walikuwepo, na mmoja alidai alinishikia kiatu.

Siku hizi misumari ni arobaini na minne, na sisi kila msumari tunauhesabu mwaka, hata ule wa kwanza. Kwa hiyo Vopisko ana arobaini na nne, na mtu wa arobaini na nne anakwenda vitani; amepungukiwa miwili tu.

"Nenda kwa Manio umwambie ulitia chumvi," Helvia akasema, safari hii kwa upole, akakaa karibu nami. "Watacheka siku mbili, basi."

"Watanicheka mimi, sawa. Na yeye je?"

Helvia akauweka mwiko magotini. Alijua ninachosema. Vopisko ni mtu wa kawaida kabisa. Ana shamba la jembe moja ng'ambo ya mto, ng'ombe wawili mmoja chongo, na sikio la kushoto alilipoteza kwa Wavolski wakati Helvia ana mimba ya kwanza. Hajawahi kushika cheo. Kwenye mkutano wa kupiga kura kundi lake huitwa mwishoni, wenye mali wakishaamua kila kitu, naye hurudi nyumbani na kura yake kama alivyoondoka nayo. Ila ana kitu kimoja. Akiingia popote, hata mbele ya wale wenye majoho yenye ukingo mwekundu, mtu husema, "Mpisheni Mtoto wa Msumari, huyu ni mkubwa kuliko sisi, alizaliwa siku moja na uhuru wetu." Basi hapo hunyoosha mgongo, na goti halimuumi tena. Nimemwona akiwa na miaka ishirini akinyoosha mgongo hivyo. Nimemwona juzi.

"Kwani ilikuwaje hasa, mama?" Helvia akauliza. "Miaka yote hii sijawahi kukuuliza."

Nikauweka uzi chini.

Nikamwambia kuhusu ndevu kwanza, maana hapo ndipo uongo ulipoanzia. Vopisko alipofikisha miaka kumi na saba ilikuwa zamu yake kuvua hirizi ya utoto, kuvaa joho la kiume na kuandikwa askari. Baba yake alikuwa ameuawa miaka michache nyuma kwenye vita na Walatini, na walichoniletea ni kofia tu. Nikasema huyu hawampati. Nikamwacha na hirizi shingoni miaka miwili zaidi. Kijana ana mabega kama mlango, anavaa nguo ya mtoto, na kila baada ya siku nane namkalisha hapa nang'oa ndevu zake moja moja, yeye analia na mimi nalia. Wanawake kisimani wakaanza kuuliza. Misumari ilikuwa kumi na mitano, nikawatungia ya ngazi za hekalu, na Vopisko mwenyewe akaiamini kuliko wote. Nilikuwa nimehamia mjini akiwa na miaka sita, mwembamba kama ufito. Nani angenibishia?

Helvia akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye uji. "Kwa hiyo ndiyo maana hadi leo ukimkaribia kidevuni anaruka."

"Ndiyo maana."

"Na kabla ya hapo? Alizaliwa wapi?"

"Kwa mama yangu, karibu na mto Anio. Shayiri ilikuwa imeiva, na mwaka ule ilikuwa ndefu hivi." Nikainua mkono, na safari hii sikuongeza hata kidole. "Mfalme bado yupo, yule wa mwisho, mwenye kiburi. Alikuwa amewachukua wanaume wote kumchimbia mtaro wake wa maji machafu, mume wangu yumo. Tulivuna wanawake watupu. Tuliimba siku nzima kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kutunyamazisha. Harufu ya shayiri ile sijaisikia tena, Helvia. Nimekaa karibu na soko miaka arobaini, shayiri inapita kila siku, na siyo ile."

"Ukajifungulia shambani?"

"Kati ya miganda. Hakukuwa na nyundo wala umati. Alikuwepo mama yangu, na mbuzi."

Akasogeza kuni. Moto ukapasuka kidogo.

"Walikuwa wawili," nikasema. "Unadhani jina Vopisko ni la nini? Ni la pacha aliyebaki. Watu wanalisikia na hakuna anayeniuliza aliyekwenda ni nani. Alikwenda jioni ile ile. Tulimzika chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea, wanapozikwa wasioota meno. Baba yake aliruhusiwa kuja baada ya siku tisa, ana matope ya mtaro mpaka kwenye nyusi, akamkuta mmoja. Akambeba akamzungusha shamba zima akimwonyesha mipaka."

"Mama."

"Kwa hiyo usiniulize kwa nini niling'oa ndevu. Msumari wa kwanza ulipopigwa mimi nilikuwa huko huko nakamua mbuzi, na Vopisko alikuwa na miaka miwili anafukuza ku..."

Nuru ya mlangoni ikazibwa. Vopisko alikuwa ameinama kuingia, ngao begani, mkono mmoja umeshika mwimo. Nyuma yake alisimama Manio na ubao wake, na kalamu alikuwa ameshaitoa. Sijui walikuwa hapo tangu lini. Helvia akainuka, akakaa tena.

Vopisko akaishusha ngao polepole, akaiegemeza ukutani. Akanitazama mimi, hakumtazama Manio, na mgongo wake haukunyooka.

"Miwili?" akasema.